Kupeana Mkono Gerezani: Juu ya Haki ya Msimulizi Kuficha

Msimulizi ana deni. Tangu anapofungua kinywa chake, na msikilizaji akakubali kukaa kitako, mapatano huwa yamekwisha kufungwa kati yao: huyu atasema, na yule ataamini kwa muda. Mapatano hayo hayaandikwi wala hayashuhudiwi na mtu, lakini yana nguvu. Na msikilizaji akigundua kuwa yamevunjwa, hukasirika hasira ya mtu aliyeibiwa, ingawa hakupoteza hata senti moja. Nakusudia katika kurasa hizi kuichungua hasira hiyo: inatoka wapi, ina haki kiasi gani, na inatufundisha nini juu ya kazi ya kusimulia. Mfano nitakaoutumia haukutoka katika riwaya wala katika utenzi, bali katika tamthilia ya televisheni. Na wasomaji watakaoona kuwa kitu hicho ni chepesi mno kwa jarida kama hili nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kisha wahukumu.

Tamthilia yenyewe ni Mr. Robot, iliyotungwa na Sam Esmail na kuonyeshwa nchini Marekani na kituo cha USA Network tangu mwaka 2015 hadi 2019, kwa misimu minne yenye sehemu 45. Mhusika wake mkuu ni Elliot Alderson, kijana wa New York, fundi wa usalama wa kompyuta mchana na mdukuzi usiku. Aliigizwa na Rami Malek, na uigizaji huo ulimpatia Malek tuzo ya Emmy mwaka 2016. Sehemu ninayotaka kuipima ni ya saba katika msimu wa pili, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 2016. Vichwa vya sehemu katika msimu huu huandikwa kwa mfano wa majina ya mafaili ya kompyuta, tarakimu zikichukua nafasi ya baadhi ya herufi. Na ukiyaondoa mapambo hayo, kichwa cha sehemu hii kina maana ya kupeana mkono. Nitajaribu kuonyesha kwamba kichwa hicho hakikuwekwa bure.

Kabla ya kuingia katika kisa, neno moja juu ya neno moja. Lugha yetu ilipohitaji jina la mtu anayeingia katika kompyuta ya mwenziwe bila ya ruhusa, haikuazima jina la Kiingereza, ilimwita mdukuzi. Asili ya neno hilo si chuma wala umeme. Dukuzi ni mtu anayetega sikio kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu, mwenye kuchokoa siri za watu. Kwa hiyo jina tulilompa mtu huyu halitaji chombo anachokitumia, bali linataja tabia yake. Na kwa kufanya hivyo linagusa kiini cha Mr. Robot kuliko maneno mengi ya kifundi. Elliot anapotaka kumjua mtu, hamwulizi. Huingia katika barua zake, hesabu zake za benki na picha zake, akayajua yote, kisha akanyamaza. Hana urafiki wa namna nyingine. Na mara nyingi mlango wa kuingilia si mashine ila mtu. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia humpigia simu bwana mmoja, akajifanya mtumishi wa benki anayeshughulikia usalama wa fedha zake, na bwana yule kwa kuogopa wezi akamjibu mwizi mwenyewe. Msomaji wetu ambaye amepata kupokea katika simu yake ujumbe wa mtu asiyemjua, unaomwambia kwamba ile pesa aitume kwa namba hii, ataifahamu mbinu hiyo bila ya kufafanuliwa. Jambo linalodukuliwa kwanza ni imani. Nywila hufuata baadaye.

Sasa kisa. Katika msimu wa kwanza Elliot anaingizwa katika kundi la siri liitwalo fsociety, ambalo kiongozi wake ni mzee mmoja mwenye maneno makali, anayejulikana kwa jina la Mr. Robot, na ambalo shabaha yake ni kufuta kumbukumbu zote za madeni ya watu zilizoshikwa na shirika kubwa la E Corp. Wanafaulu. Lakini kabla ya kufaulu huko, Elliot anapata mapigo mawili. La kwanza, msichana Darlene, mdukuzi mwenziwe, ni dada yake wa tumbo moja, naye alikuwa amemsahau. La pili, Mr. Robot ni sura ya baba yake aliyekwisha kufa zamani. Hayuko duniani ila katika akili ya Elliot, na matendo yote tuliyomwona mzee yule akiyatenda, Elliot ndiye aliyeyatenda. Msimu unakwisha kwa mtu kubisha hodi mlangoni pa Elliot, wala hatuambiwi ni nani.

Msimu wa pili ulianza tarehe 13 Julai 2016. Tunamkuta Elliot amehamia nyumbani kwa mama yake, mwanamke mkavu asiye na huruma, na anaishi maisha ya ratiba isiyobadilika. Analala katika chumba chembamba chenye kitanda chembamba. Anakula kwa saa maalumu mkahawani pamoja na kijana Leon, ambaye hachoki kueleza michezo ya kuchekesha anayoitazama katika televisheni. Anatazama vijana wakicheza mpira wa kikapu. Anahudhuria mkutano wa dini. Anaandika daftari. Hagusi kompyuta. Bwana mmoja wa mtaani, Ray, mwenye mbwa na maneno ya upole, anamkaribia na kucheza naye sataranji. Na baadaye inajulikana kwamba Ray anataka Elliot amtengenezee soko lake la siri katika mtandao, lakini kwa sharti kwamba fundi asitazame kinachouzwa humo. Elliot anatazama. Anakuta dawa za kulevya, silaha na watu.

Katika sehemu ya saba mambo haya yanafika ukingoni. Elliot anafanya njia ya kumfikisha Ray mikononi mwa sheria, na Ray anakamatwa. Watu waliokuwa wakinufaika na soko lile wanamvamia Elliot wapate kulipiza kisasi; na Leon, yule mpiga soga wa mkahawani, anatokea na kisu, anawaangusha washambulizi, na kumbe alikuwa mlinzi aliyewekwa na wadukuzi wa Dark Army. Baada ya hayo Elliot anaketi mbele ya Krista, mtabibu wake wa nafsi, naye Krista anamwuliza kwa upole anadhani yuko wapi sasa. Hapo ndipo kuta zinapogeuka. Sebule ya mama ni chumba cha wageni cha gereza. Chumba chembamba ni seli. Mkahawa ni bwalo la wafungwa, uwanja wa mpira ni ua wa gereza, na Ray, jirani mpole, ni mtu mwenye madaraka katika gereza hilo. Mtu aliyebisha hodi mwishoni mwa msimu wa kwanza alikuwa mkono wa serikali. Tumekaa kifungoni majuma matano bila ya kujua.

Elliot anamgeukia mtu anayemwita rafiki. Tangu neno la kwanza la tamthilia amekuwa akisema na rafiki huyo asiyeonekana, na hapana shaka kwamba rafiki ni sisi tunaotazama. Anamwambia kwamba yote yaliyotokea yalitokea kweli. Ila alihitaji kuyaona hivyo ili aweze kuyastahimili. Kisha anaomba waaminiane tena, na kwamba wapeane mkono juu ya jambo hilo.

Mashtaka yaliyoletwa juu ya sehemu hii ni matatu, nami nitayachukua moja baada ya jingine.

Shtaka la kwanza ni kwamba siri haikuwa siri. Watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kubashiri tangu sehemu za mwanzo kwamba Elliot yuko gerezani. Saa za chakula, kitanda, kukosekana kwa kompyuta, yote yaliwapa harufu. Wanasema kwamba mgeuko wa kisa uliokwisha kujulikana ni kama fataki iliyolowa maji. Shtaka hili lina sauti kubwa lakini lina uzito mdogo. Aristotle, alipozungumza juu ya tanzia ya Kiyunani, alitofautisha mgeuko wa mambo na utambuzi, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Na mfano aliousifu ni wa Mfalme Oidipo, ambamo viwili hivyo hutokea kwa pamoja. Sasa, watu wa Athens walioketi kutazama mchezo huo walikuwa wakiijua hadithi ya Oidipo tangu utoto wao. Hawakwenda kustushwa. Walikwenda kumtazama mtu akijua. Utambuzi ulio muhimu ni ule unaotokea ndani ya mhusika. Mshtuko wa mtazamaji ni faida ya ziada, na hudumu mara moja tu. Tamthilia inayotegemea mshtuko peke yake haitazamwi mara ya pili. Sehemu hii hutazamika mara ya pili, na yumkini ya pili ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa tunamwona mfungwa akijijengea nyumba kwa akili yake, tofali kwa tofali, na tunajua kwa nini anaijenga.

Hata hivyo nakubali sehemu ya shtaka. Mtazamaji aliyebashiri mapema hupatwa na hasara moja: kwa majuma kadhaa macho yake huwa juu ya ishara, si juu ya watu. Kila mlango kwake ni ushahidi. Mazungumzo ya Elliot na Ray juu ya kujitawala, ambayo ni miongoni mwa mazungumzo mazuri ya msimu huo, humpita kama mtu anayesikiliza wimbo huku akihesabu beti. Mtungaji anayetega siri ya namna hii hana budi kujua kwamba anagawa umakini wa mtazamaji, na kwamba bei hiyo hailipwi na yeye peke yake.

Shtaka la pili ni zito zaidi: kwamba tumedanganywa. Hapa inafaa tuwatofautishe wasimulizi. Mhakiki Wayne Booth, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, ndiye aliyetupa istilahi ya msimulizi asiyeaminika. Lakini msimulizi mwenyewe alikuwapo kabla ya jina lake. Mwaka 1920 filamu ya Kijerumani iitwayo Das Cabinet des Dr. Caligari ilisimulia kisa cha kutisha, na mwishoni ikafunuliwa kwamba msimulizi ni mgonjwa katika nyumba ya wenye maradhi ya akili. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa The Murder of Roger Ackroyd, ambamo daktari anayetusimulia uchunguzi wa mauaji ndiye muuaji. Mgonjwa wa filamu anadanganya bila ya kujua. Daktari wa riwaya anaficha kwa kujua, tena anaficha ili asinyongwe. Wa kwanza tunamhurumia na wa pili tunamwogopa. Upande mwingine wako waandishi wa hadithi za upelelezi wanaoweka kila kitu wazi mbele ya macho yetu, siri ikikaa katika kutofahamu kwetu tu. Ndivyo afanyavyo Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960: Najum huona aonayo Bwana Msa, na msomaji huona pamoja nao, lakini ni Bwana Msa peke yake anayetambua maana ya kitu kilichoonekana. Huko hapana uongo. Pana uzito wa macho tu.

Elliot yuko wapi kati ya hao? Si mgonjwa wa Caligari, kwa kuwa alijua aliko. Si daktari wa Christie, kwa kuwa hakuficha ili aiponyoke sheria. Sheria ilikwisha kumshika. Wala si Najum, kwa kuwa alichotuonyesha sicho kilichokuwapo. Naona kwamba yeye ni wa aina ya nne, na sababu yake imo katika jambo ambalo washtaki wengi wamelisahau. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Elliot alipogundua kuwa Mr. Robot ni sura ya baba yake, alimgeukia rafiki yake na kumshutumu: je, ulikuwa ukijua siku zote? Na katika kufungua msimu wa pili alitangaza waziwazi kwamba rafiki huyo alimficha mambo, kwamba hamwamini tena, na kwamba hajui kama ataweza kumpa siri zake kama zamani. Maneno hayo tuliyasikia kwa masikio yetu tarehe 13 Julai. Tuliyachukua kuwa mapambo ya usemi. Kumbe yalikuwa ilani.

Hili ndilo jambo linalobadilisha hukumu. Daktari wa Christie anavunja mapatano huku akijifanya anayashika. Elliot anatuambia kwanza kwamba mapatano yamevunjika, kisha anasimulia akiwa nje ya mapatano. Aliyeambiwa na mwenziwe, "Sikuamini, na sitakueleza yote," hana haki ya kulia kwamba hakuelezwa yote. Hasira yetu, kwa hiyo, inakuwa ni hasira ya mtu aliyepuuza onyo. Tena kuna la zaidi. Katika kisa chote Elliot ni dukuzi wa maisha ya watu. Lakini sisi ni madukuzi wa Elliot. Tumekaa ndani ya kichwa chake bila ya kubisha hodi, tumesikia asiyomwambia dada yake wala mtabibu wake, na tumehesabu kwamba hiyo ni haki yetu kwa sababu tumeketi mbele ya kioo. Mgeuko wa sehemu ya saba unatufunga nje. Kwa mara ya kwanza tunajua hali ya mtu aliyekuwa na nywila, na nywila ikabadilishwa.

Hapa kichwa cha sehemu kinapata maana yake. Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza katika mtandao kwa utaratibu unaotumika sana, hazianzi kupelekeana habari papo hapo; kwanza hupeana mkono, na kupeana huko kuna hatua tatu. Ya kwanza hupeleka ombi la kufungua mazungumzo. Ya pili hujibu kwamba imelipokea ombi, na papo hapo hupeleka ombi lake. Ya kwanza hurudi kujibu kwamba imeyapokea. Bila ya hatua ya tatu hapana mazungumzo. Mlango huachwa nusu wazi, na mwenye kungoja hungoja mpaka achoke. Wasomaji wetu hawana haja ya kwenda mbali kuitafuta mithali ya jambo hili. Msimulizi wa pwani husema paukwa, na wasikilizaji humjibu pakawa, asipojibiwa, haendelei. Bibi zetu hawakuwa mafundi wa mitandao, lakini walijua kwamba hadithi haiwezi kupelekwa kwa mtu ambaye hajaonyesha kuwa yu tayari kuipokea. Ule mwito na jibu lake si mchezo wa watoto. Ni ridhaa.

Televisheni iliondoa ridhaa hiyo. Mtazamaji hana kinywa. Aseme pakawa au asiseme, picha zitakwenda. Ustadi wa Esmail, kwa maoni yangu, ni kwamba aliiona kasoro hiyo ya chombo chake akaigeuza kuwa sehemu ya kisa. Msimulizi wake anapaza sauti, halafu ananyamaza kungoja jibu ambalo halitakuja. Ananyosha mkono kwa mtu asiyeweza kunyosha wake. Na kila anayebaki kutazama baada ya hapo amekwisha kujibu, kwa kubaki kwake. Hiyo ni hatua ya tatu.

Shtaka la tatu ni langu mwenyewe, na sijalisikia likitiliwa mkazo na wengine. Nimesema kwamba katika soko la Ray walikuwamo watu waliokuwa wakiuzwa. Kwa sehemu mbili tatu msiba wao ndio uzito wa kisa. Ndio unaomwondoa Elliot katika ratiba yake na kumrudisha katika kutenda. Lakini kuta za gereza zinapofunuliwa, watu hao wanatoweka. Hatujui majina yao, hatuoni nyuso zao, wala hatuambiwi walikuwaje baada ya soko kufungwa. Mshangao wetu juu ya aliko Elliot unameza huzuni yetu juu ya waliko wao. Hii ndiyo hatari kubwa ya mgeuko wa kisa, kubwa kuliko ya kubashiriwa au ya kudanganya: huvuta macho yote kwa yule mwenye siri, na wasio na siri, walio na mateso tu, hubaki gizani. Mtu anaweza kumtetea mtungaji kwa kusema kwamba ndiyo maana ya Ray. Yeye pia alijijengea ukuta; alijua kuna soko, na akakataza watu kutazama kinachouzwa ili na yeye asilazimike kutazama. Ray na Elliot ni watu wawili waliochagua kutoona, mmoja ili apate faida na mmoja ili apate usingizi. Utetezi huo nauona kuwa wa kweli, na bado hautoshi. Tamthilia iliyomlaani Ray kwa kutotazama haikupaswa nayo kugeuza uso upesi hivyo.

Kwamba mtungaji aliweza kufanya bora zaidi kunathibitishwa na kazi yake mwenyewe. Tarehe 17 Novemba 2019, katika sehemu ya saba ya msimu wa nne, alileta utambuzi mwingine. Sehemu hiyo imegawanywa katika maonyesho matano kama mchezo wa jukwaani, na karibu yote hutokea katika nyumba moja. Krista ametekwa pamoja na Elliot na mhalifu Vera, na kwa kulazimishwa anamfikisha Elliot kwenye jambo ambalo akili yake ililizika: kwamba baba yake, yule aliyemfanya kuwa shujaa na kumpa sura ya Mr. Robot, ndiye aliyemdhulumu mwilini alipokuwa mtoto. Hapo hakuna kuta zinazogeuka wala hila ya kamera. Kuna watu chumbani, maneno, na kimya. Mtazamaji hashangai kwa kuwa alifichwa. Anaumia kwa kuwa ishara zilikuwapo tangu mwanzo, naye, kama Elliot, alizipita. Mgeuko wa mwaka 2016 unatuuliza tuko wapi. Ule wa mwaka 2019 unatuuliza tulikuwa tukitazama nini. Swali la pili ni la mtungaji aliyekomaa.

Na bado ule wa kwanza haukufutwa na wa pili. Tamthilia ilipofika mwisho wake tarehe 22 Desemba 2019, ilifunuliwa kwamba huyu Elliot tuliyefuatana naye kwa misimu minne hakuwa Elliot wa asili, bali nafsi moja kati ya kadhaa zilizokaa ndani yake, iliyojitwalia usukani. Na kwamba rafiki asiyeonekana naye alihesabiwa humo humo. Turudi basi kwenye ule mkono ulionyoshwa gerezani. Msimulizi aliahidi kwamba hatatuficha tena. Je, aliivunja ahadi? Alituficha jambo kubwa kuliko yote, jina lake. Lakini alituficha asilolijua. Hapo tunajifunza kutofautisha uongo na ujinga, ambavyo katika masikio ya msikilizaji aliyekasirika hufanana. Mwongo anajua ukweli akauzuia. Asiyejijua hana wa kuuzuia. Tunaweza kumdai msimulizi unyofu. Hatuwezi kumdai ajijue kuliko binadamu awezavyo. Ahadi ya gerezani ilikuwa ya kweli kwa kadiri ya aliyeitoa.

Nina neno la mwisho kwa wanafunzi, ambao ndio walionichochea kuandika. Nimezoea kusoma insha zao juu ya riwaya na tamthilia, nami naona kwamba mgeuko wa kisa unapotokea wao huuandika mwishoni, kwa furaha, kama mtu aliyefumbua kitendawili, kisha huweka nukta. Kazi yao ingeanzia hapo. Baada ya kusema kwamba sebule ilikuwa gereza, inafaa kuuliza kwa nini mtu huyu, kati ya mahali pote duniani, alichagua kuligeuza gereza kuwa nyumba ya mama yake. Angeweza kujiwazia ufukwe, au bustani. Alichagua nyumba aliyoteswa. Jibu, kwa kadiri nionavyo, ni kwamba mateso aliyoyazoea yalikuwa mepesi kwake kuliko mateso mapya. Na kwamba kwa mtoto aliyelelewa na mama yule, tofauti ya nyumba na gereza haikuwa kubwa kiasi cha kuhitaji uongo mkubwa. Hilo halikufichwa na mtungaji hata siku moja. Lilikuwa wazi mbele yetu majuma yote matano, wakati tulipokuwa tukihesabu milango.